Mla Mabati

Baba mdogo alikuja kuiezua nyumba yetu asubuhi, jua likiwa limeshachomoza na majirani wote wameamka, kwa sababu hakuona haja ya kujificha. Alikuja na vijana wa mashua aliowakodi pale ufuoni Karungu, wakiwa na ngazi na nyundo za kung'olea misumari. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa gambuti zake, buti ndefu za mpira, zile alizovaa masika na kiangazi, na alikohoa kwanza kabla ya kusema, kama kawaida yake.

Mama alikuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani. Alisimama, akajifuta mikono kwenye lesso.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nachukua mali ya ndugu yangu. Wewe ulisema humtaki mtu wa boma hili. Basi kaa na hicho unachokitaka."

Baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwetu, mjane alirithiwa na ndugu wa mumewe, na ndugu aliyekuwepo alikuwa huyo. Mama alikataa. Mwanzo alikataa kwa adabu, mbele ya wazee, akiwa ameinamisha kichwa. Walipomrudia, alikataa kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Alikuwa amezaliwa upande wa Rangwe, kwa watu wa kanisa, na aliwaambia kwamba atawalea watoto wake akiwa mjane, na asiyependa asimsalimie.

Nilikuwa darasa la tano. Nilisimama karibu na jiko nikiwa nimemshika mkono mdogo wangu, ambaye hakuwa ameanza shule, tukasikiliza misumari ikitoka. Msumari wa bati haung'oki kimya. Unalia kama mnyama aliyebanwa mguu. Mabati yalishuka moja baada ya jingine, likiwemo lile lenye doa kubwa la rangi nyekundu ambalo baba alilimwagia mwaka aliopaka rangi mashua yake. Majirani walikuja hadi kwenye ua, wakatazama. Mwanamke aliyekuwa akija kuomba chumvi kwetu alitazama. Mzee wa kanisa naye alitazama. Hakuna aliyefungua kinywa. Nilizipitia nyuso zao moja moja, taratibu, kama anayehesabu mbuzi jioni, na sijasahau hata mmoja.

Mama alikwenda kushtaki kwa naibu chifu. Alirudi mapema sana, nikajua. "Amesema ni mambo ya familia," alisema, akaendelea na omena zake.

Tulihamia jikoni, kibanda cha nyasi chenye moshi. Nyumba ilibaki kuta tupu. Mama alizifunika kwa mikeka ya mafunjo na karatasi za nailoni, lakini mvua za Karungu zinapotoka ziwani huja na upepo, na upepo ulizichukua nailoni ukazitundika kwenye miti. Kuta za udongo zikaanza kuyeyuka. Kila asubuhi ukuta ulikuwa mfupi zaidi. Chumba nilichozaliwa kilirudi kuwa matope, nikakiona kikirudi.

Wakati huohuo, pale kwenye kituo cha maduka karibu na ufuo, baba mdogo alijenga duka. Aliliezeka kwa mabati yetu. Hakujisumbua hata kulikwangua lile doa jekundu. Lilikaa juu, upande wa barabara, kila mtu akaliona akienda kununua sukari.

Hadithi ilianza siku moja ya mvua, alasiri. Duka halikuwa mbali na kwetu, na mvua ilipoanza tuliisikia ikipiga yale mabati, kelele ileile tuliyokuwa tukiisikia tukiwa kitandani. Mdogo wangu aliacha kucheza.

"Hilo ni paa letu," alisema.

"Ndiyo."

"Nani alilichukua?"

Mama alikuwa papo hapo akikoroga uji, na alikuwa ametukataza kumsema mkubwa kwa jina. Kwa hiyo nikajibu, "Lililiwa."

"Na nani?"

"Na Mla Mabati."

Mdogo wangu alinisogelea. Nikamwambia kwamba Mla Mabati ni jitu linalovaa gambuti hata jua likiwaka, kwamba hukohoa kabla ya kusema, na kwamba hula mapaa ya watoto waliofiwa na baba zao kwa sababu hayo ndiyo laini. Tumbo lake limejaa mabati, hivyo akitembea linalia: kwang, kwang. Hapo mdogo wangu alicheka, kicheko cha kwanza nilichokisikia tangu siku ile ya nyundo. Nikatazama upande wa mama. Hakugeuka. Lakini mwiko ulikuwa umesimama ndani ya uji.

"Na nani atampiga?" mdogo wangu akauliza.

Hilo sikuwa nimeliwaza. Shuleni tulikuwa na kabati la vitabu vya hadithi, vingi vikiwa havina jalada, na nilikuwa nimevisoma vyote. Watoto mashujaa wa vitabu vile walinichosha. Mtoto alimsaidia bibi kizee kubeba kuni, akapewa pete. Mtoto aligawana chakula chake na ndege, akaota mabawa. Ilikuwa kwanza uwe mwema, ndipo upewe nguvu. Na mimi sikuwa nikijisikia mwema hata kidogo. Nilikuwa nikilala nikiomba Mungu kwamba baba mdogo aanguke kutoka kwenye ngazi. Mtoto kama huyo angepewa pete na nani?

Kwa hiyo nikatengeneza wangu. Alikuwa msichana mwenye magaga miguuni na sare iliyoshonwa begani kwa uzi wa rangi nyingine. Hakupewa nguvu na bibi wala ndege. Siku paa lake lilipoliwa, alikasirika mpaka masikio yakazibuka, na tangu hapo mvua ikinyesha popote duniani, aliweza kuyasikia mabati ya nyumba yao yakilia ndani ya tumbo la yule aliyeyala. Mla Mabati angejificha wapi? Angekimbilia kisiwani, angevuka mpaka hadi Tanzania, wingu moja tu likipita, msichana angesema, "Yuko kule."

Mdogo wangu alitaka hadithi hiyo kila siku. Na kila siku nilimuadhibu Mla Mabati kwa njia mpya. Nilimnywesha maji ya ziwa mpaka mabati yakaingia kutu tumboni. Nilimwanika juani mpaka akaungua kwa ndani. Usingizi wangu ukawa mtamu.

Likizo ilipofika, mama alinichukua kwenda naye Rangwe kuuza omena. Tulipanda lori la samaki, tukashukia sokoni, na mama akatandaza gunia lake katikati ya wanawake wengine. Watoto wa wachuuzi tuliachwa tujichunge nyuma ya vibanda. Palikuwa na watoto wa Kijaluo kama mimi, watoto wa Kisii ambao mama zao walileta ndizi, na ndugu wawili Wakuria waliofuata baba yao muuza ng'ombe kutoka Kehancha. Lugha pekee iliyotufaa sote ilikuwa Kiswahili, kile chetu cha sokoni kilichopinda huku na huku. Kwa Kiswahili hicho niliwasimulia.

Sijawahi kupata wasikilizaji kama wale tena. Msichana mmoja wa Kisii aliniambia baba yake pia alikuwa amekufa, na kilicholiwa kwao kilikuwa shamba la chai. "Si atakula pia chai?" aliuliza. Nikamwambia ndiyo, atakula, na itamchachia tumboni. Yule Mkuria mkubwa akasema kwao liliwahi kuliwa zizi zima. Tukaliongeza. Kufikia mwisho wa likizo tulikuwa tukitembea sokoni kwa mstari, tukipigapiga matumbo na kuita kwang, kwang, na wanawake wakitufukuza kwa maganda ya ndizi.

Nilirudi Karungu, shule ikafunguliwa. Wiki hiyohiyo msichana wa darasa la tatu alinijia wakati wa mapumziko, macho yamemtoka.

"Umesikia habari za Mla Mabati?"

"Nani amekwambia?"

"Binamu yangu wa Rangwe. Ni kweli kabisa. Anavaa gambuti na anakohoa."

Alinisimulia hadithi yangu mwanzo hadi mwisho, na mwisho wake ulikuwa mbaya kuliko wangu: jitu lilishonwa mdomo kwa nyavu. Nilikuwa nimeitoa nyumbani kwetu kwa kunong'ona, nayo ilikuwa imezunguka na kurudi kwa miguu yake, ikiwa imenenepa. Kufikia Ijumaa shule nzima ilikuwa nayo. Hakuna mtoto wa Karungu aliyehitaji kuelezwa ni nani anayevaa gambuti kiangazi.

Mmoja tu ndiye aliyekuja kuniuliza. Alikuwa binti wa baba mdogo mwenyewe, binamu yangu, tuliyekuwa darasa moja. Tangu nyumba iezuliwe tulikuwa hatuongei. Alinikuta kisimani.

"Hilo jitu ni baba?"

Ningeweza kumwambia hapana. "Ndiyo," nilisema, na kulisema kulinipa raha.

Aliutazama mtungi wake mpaka ukajaa, ukamwagika. Nilidhani atanipiga, nikajiandaa.

"Ana mtoto? Kwenye hadithi?"

"Hana."

"Mwekee mmoja. Anajua baba yake analala saa ngapi. Anaweza kumfungulia mlango yule msichana."

Akajitwika mtungi wake akaondoka. Nami nikamweka. Watoto walimpenda kuliko shujaa mwenyewe.

Mwaka wa uchaguzi ulifika, na baba mdogo akatangaza kwamba anataka udiwani. Alifanya mkutano kwenye uwanja wa shule, siku ya soko, akakodi spika. Sisi watoto tulikaa mbele kabisa, chini kwenye nyasi. Alitembea kutoka kwenye gari kuja jukwaani, na gambuti zake zilikuwa mpya. Hatua yake ya kwanza, mtoto mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ndogo, "Kwang."

Hatua iliyofuata, wakasema kumi au zaidi. Alipofika kwenye kipaza sauti alikohoa kwanza, na spika ikakitupa kile kikohozi hadi ziwani, na uwanja mzima wa watoto ukajibu: "Kwang!"

Watu wazima walicheka. Na namna walivyocheka ndiyo niliyokuja kuitafakari baadaye. Hawakucheka kama watu wanaoshangaa watoto wa adabu mbaya. Walicheka wakiinama, wakifichana nyuso, kama watu waliokuwa wamebana kitu kwa muda mrefu. Wale wale waliotazama uani kwetu.

Jumatatu mama aliitwa kwa naibu chifu, aje na binti yake. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye baraza, kilichotazamana na maduka ya kituoni. Nusu ya kijiji ilikuwa imeshafika. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti. Binti yake alisimama ukutani nyuma yake, na kwa uso wake nilijua kwamba asubuhi hiyo alikuwa amelia.

"Huyu mtoto ananitukana," baba mdogo alisema. "Ameliharibu jina langu kutoka hapa mpaka Rangwe. Amefundishwa na mama yake."

Naibu chifu alinigeukia. "Umemtukana mzee wako?"

"Hapana. Mimi nilisimulia sigana tu, hadithi ya watoto."

"Sigana gani? Tuisikie sasa hivi."

Nilimtazama mama. Aliniambia kwa Kijaluo, polepole, kila mtu akisikia, "Isimulie yote. Usiruke kitu." Lakini kulikuwa na askari wa utawala pale, mtu wa Kehancha aliyehamishiwa kwetu, ambaye hakujua Kijaluo, na naibu chifu akaniamuru niseme Kiswahili ili askari naye aelewe.

Nikasimulia. Nilianza kwa kunung'unika, halafu nikafika kwenye mapaa ya watoto waliofiwa na sauti ikanijia. Nilieleza habari za msichana na masikio yake. Nilieleza kutu. Nilieleza nyavu za kushonea mdomo, maana nilikuwa nimezichukua kutoka kwa yule mtoto wa darasa la tatu. Sehemu moja tu niliiruka, ingawa mama alinikataza: ile ya binti anayefungua mlango. Binamu yangu alikuwa akitazama sakafu. Nilipopita mahali pale bila kumtaja, aliinua macho.

Nilipomaliza, wa kwanza kusema alikuwa yule askari, na aliuliza kwa nia safi kabisa, maana yeye alikuwa mgeni.

"Hii hadithi watoto wangu wanayo Kehancha. Wao wanasema jitu lenyewe ni la Tanzania. Lakini mzee, mbona wewe unasema ni wewe? Ulikula mabati ya nani?"

Baba mdogo alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, akakohoa.

Kutoka mahali fulani kwenye umati, sauti ya mwanamke mzima ikasema, chini chini, "Kwang."

Sijui kama kuna furaha kubwa kuliko ile. Nimeolewa, nimezaa, nimeona kitabu changu cha kwanza kikitoka kwenye boksi, na bado sijui. Watu walicheka mpaka askari akalazimika kupiga rungu lake mlangoni. Baba mdogo alisimama, akakaa, akasimama tena. Jasho lilimtiririka. Nilimkazia macho bila kupepesa kwa sababu nilitaka kuibeba sura ile nyumbani nikampe mdogo wangu yote.

Naibu chifu hakucheka. Alikuwa akitazama ng'ambo ya barabara, juu ya duka, na nadhani alikuwa akikumbuka maneno aliyomwambia mama. Hatimaye aliuliza, bila kumtazama mtu, "Lile bati lenye rangi nyekundu lilikuwa la nani?"

"La marehemu," alijibu yule mama wa chumvi. "Nilimwona siku ile akipaka mashua. Rangi ilimwagika, akacheka."

"Na mimi nilimwona," mzee wa kanisa akasema.

Wakaanza kusema wote. Siku nyundo zilipolia hawakuwa na sauti, sasa kila mmoja alijua msumari ulipokuwa. Sikuwashukuru, na mama pia hakuwashukuru.

Baba mdogo aliamriwa kuyarudisha. Alitii kwa sababu ya uchaguzi. Siku ya kuezua duka nilimbeba mdogo wangu mgongoni tukaenda kusimama barabarani, mahali ambapo angetuona vizuri. Vijana walewale walipanda ngazi ileile. Chini kulikuwa na magunia ya sukari na maboksi ya sabuni, yakiwa wazi chini ya anga, naye akihangaika kuyafunika kwa turubai dogo. Nilitazama ziwani nikiomba wingu. Halikuja hata moja. Siku nzima ilikuwa kavu, na hilo linanisikitisha mpaka leo.

Kura alishindwa vibaya. Mama alijenga kuta upya, yeye na dada zake waliokuja kutoka Rangwe, na mabati yakapanda. Yalikuwa yamepigwa misumari mara mbili, yana matundu kila mahali, akayaziba kwa lami ya mashua. Tulihamia ndani kabla ya Pasaka. Binamu yangu alianza kuja kwetu jioni kufanya hesabu, na baba yake hakuthubutu kumzuia.

Siku hizi naandika vitabu vya watoto, na walimu wanaponialika huniuliza kitu gani kinamfanya mtoto wa kawaida awe shujaa mwenye nguvu. Wanatarajia niseme upendo au ujasiri. Huwaambia kwamba wangu aliupata uwezo wake kwa hasira, na kwamba hasira ile ilikuwa ya haki, na mtoto ambaye hana rungu wala jamaa wa kumsemea anahitaji angalau hadithi ambayo ndani yake mkosaji anakoma. Wengine hawaridhiki. Wanasema watoto wafundishwe kusamehe. Nami huwauliza kama wao waliwahi kuezuliwa.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa shule ya bweni upande wa Homa Bay, nilikutana na baba mdogo mjini, nje ya duka la dawa. Alikuwa amekonda. Duka lake lilikuwa limefungwa zamani na watoto wa Karungu, hata waliozaliwa baada ya mambo yale, walikuwa bado wakimwita kwa lile jina akipita. Alinisalimia vizuri, akaniuliza masomo, akaninunulia soda ambayo niliipokea bila kuifungua.

"Ile hadithi yako," alisema baada ya kukohoa. "Bado unaisimulia?"

"Nikiombwa."

"Huwezi kuibadilisha kidogo pale mwisho? Huyo mtu akaomba msamaha, wakamsamehe. Watoto wangependa."

Nilimtazama. Alikuwa mzee kuliko baba yangu alivyopata nafasi ya kuwa.

"Anaweza kuomba," nilimwambia. "Mama yuko nyumbani kila siku. Nenda ukaombe, kisha uniambie amejibu nini, nami nitaandika hivyohivyo."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubali bei. Akasema ataenda Jumapili, baada ya ibada. Nilimwandikia mama ajue kwamba mgeni anakuja. Mama alipika chapati Jumapili hiyo, na iliyofuata pia.

Hakwenda. Basi nami sikubadilisha kitu.